Bonsai ya botobrashi: nataka matawi yaning'inie lakini yanarudi juu

Kitalu_Bwiru

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada kwenye bonsai, ile sanaa ya kufuga mti mdogo kwenye chungu, maana hapa Mwanza sijapata mtu wa kukaa naye tukauangalia mti pamoja. Nina botobrashi, ule mti wa maua mekundu yenye umbo la brashi ya chupa, niliichukua kwa wauza miche wa barabarani ikiwa kwenye kiroba, shina chini lina unene wa kama sentimita 4 hivi, nikaikata juu nikaipunguza mizizi nikaiweka kwenye chungu cha udongo na imechipua vizuri, kijani mpaka raha. Sasa ninachokitaka ni ule mtindo wa matawi kuning'inia, Wajapani wanauita shidare, matawi yanatoka juu yanamwagika mpaka yanakaribia mdomo wa chungu. Zile botobrashi kubwa za kwenye mageti ya watu zinavyoinama ndo kitu nakiona kichwani, ila iwe ya kuweka kwenye meza ya barazani.

Nimefunga uzi wa nyavu kwenye ncha za matawi, upande wa pili nikaning'iniza vijiwe, yakashuka. Mwanzo yalipendeza kweli. Sa hivi ncha zote zimejikunja zinaangalia juu tena kama ndoano, halafu mgongoni mwa tawi pale lilipopinda vimetoka vichipukizi vingi vinapanda juu kwa kasi wakati ncha yenyewe imedoda haikui. Na mchana upepo wa ziwa ukianza vijiwe vinabembea, tawi moja limeanza kupata mchubuko pale uzi ulipo.

Je nitumie waya? Waya gani, na unapatikana hapa mjini au mpaka kuagiza nje? Na botobrashi kwa huu mtindo inafaa au nahangaika bure nihamie kwenye fikasi?

Jiwe_la_Igoma

Mwangaluka mkuu. Mti wako ni mzima kabisa, tena una nguvu, ndo maana unapigana na wewe.

Elewa kwanza nini kinatokea hapo. Ncha ya tawi ndo inakuwaga mkubwa wa tawi zima, inatengeneza homoni inaitwa oksini, ile homoni inashuka kufuata tawi na kuyazuia macho ya nyuma, yaani vile vinundu vinavyotoa machipukizi, yasiamke. Ncha ikiwa juu inatawala. Ukiinamisha ikaangalia chini utawala wake unapungua, halafu jicho lililopo mgongoni mwa mpindo ndo linakuwa juu kuliko wote, basi linaamka na kuchukua nguvu ya tawi. Hivyo vichipukizi unavyoviona vinakimbia ndo hivyo. Na ncha kujikunja kurudi juu ni kwa sababu ncha changa inajua juu ni wapi, ukiifunga sehemu moja tu kwa uzi, kipande cha mbele kinachoendelea kuota kiko huru na kitageuka.

Lingine ambalo wengi hawalifikirii: mti mkubwa unaning'inia kwa uzito. Tawi la mita 2 au 3 limebeba majani, maji na maua, lazima lishuke lenyewe. Kichipukizi cha sentimita 15 hakina mzigo wa kukishusha, ni kigumu kuliko uzito wake. Kwahiyo hata mti ambao kwa asili yake unaning'inia ukiufanya mdogo matawi yanasimama. Botobrashi yako kwa maelezo yako inaonekana ni ile ya Australia inayoitwa Callistemon viminalis, ambayo porini inaning'inia vizuri tu, lakini kwenye chungu lazima uisaidie. Hata ule mwilo wa Uchina (weeping willow) ambao watu wakisikia mti wa kuning'inia ndo wanaufikiria, kwenye bonsai unafungwa waya chipukizi kwa chipukizi, kila msimu.

Sasa umbo, na hapa naomba usome polepole maana ndo penyewe. Tawi lisianze kushuka pale linapotoka kwenye shina. Ukilivuta chini kuanzia kwapani mti unakuwa umenywea, hauna mabega. Tawi lipande kwanza au liende pembeni, litembee kidogo, lifike mahali ligeuke, ndo lishuke. Lile tao la mwanzo ndo linalomwambia mtazamaji kwamba hili tawi lilikua kwa nguvu halafu uzito ukalishinda. Uzi na kijiwe haviwezi kukupa tao, vinakupa tawi limelala tu, kwa sababu uzi unalivuta tawi zima kama bawaba. Waya ndo unapinda mahali unapotaka wewe.

Kwahiyo toa vijiwe vyote leo. Hivyo vichipukizi vya mgongoni usivikate vyote, hiyo ni mali. Chagua vilivyokaa kwenye nafasi nzuri, viwili au vitatu kwa kila tawi, viache vipande juu vyenyewe mpaka vifike sentimita 20 au 30 na chini vianze kuwa na rangi ya kahawia. Usiwe na haraka hapo, maana tawi linanenepa likiwa linapanda, ukishalishusha unene unasimama karibu kabisa. Anayeshusha vichipukizi vikiwa vyembamba anabaki na nywele zinazoning'inia kwenye shina nene na haipendezi. Vikishakomaa ndo unavifunga waya na kuvishusha, na baada ya hapo ncha usiiguse. Ukiikata ncha ya tawi lililoshushwa nguvu yote inarudi mgongoni na unaanza upya. Kazi yako inakuwa ni kupita kila wiki au mbili, kinachoota kuelekea juu unabana kwa kucha kikiwa bado laini, kinachoota kwapani unatoa, vya pembeni unabakiza.

Fundi_Soketi

Mkuu Jiwe kamaliza upande wa mti, mi naongezea upande wa waya maana ni fundi umeme hapa Nyakato na vichungu vyangu vyote nafunga kwa shaba.

Waya wa alumini wa bonsai wenyewe wa rangi ya kahawia ni mzuri, mlaini, unasamehe, ila kwenye maduka ya hapa mi sijaukuta. Shaba iko kila duka la vifaa vya umeme. Chukua waya wa nyumba wa uzi mmoja mnene, sio ile ya nyuzi nyuzi. Angalia kitu kimoja, namba inayoandikwa kwenye waya ni eneo la mkato wake kwa milimita za mraba, sio unene. Ile 1.5 ya taa unene wake ni kama milimita 1.4, ile 2.5 ya soketi ni kama milimita 1.8. Watu wanasoma kwenye mtandao tafuta waya wa milimita 2.5 wanaenda dukani wanachukua 2.5 wanashangaa tawi linarudi. Ukikuta 4 yenye nyuzi saba ifungue, kila uzi una kama milimita 0.85 na hiyo ndo nzuri kwa vichipukizi vya botobrashi.

Ganda toa kwa kisu, usilichome, plastiki ya PVC ikiungua moshi wake ni sumu na watoto wapo nyumbani. Ukishalimenya, zungusha shaba iwe duara kubwa, weka kwenye jiko la mkaa jioni giza likianza kuingia ili uone rangi vizuri, ikifika wekundu uliofifia toa. Ipoe yenyewe au itumbukize kwenye maji, vyote sawa, shaba sio kama chuma kwamba ukiipoza ghafla inakuwa ngumu. Ikitoka hapo ni laini unaipinda kwa vidole. Ila kila ukiipinda inakazana, kwahiyo unazungusha kwenye tawi mara moja kwa uhakika. Ukiifungua ukataka kuitumia tena inarudi jikoni kwanza.

Ile waya ya kufungia nondo achana nayo. Ni chuma, inapata kutu, inachafua gome na kuipinda lazima uikaze na plaizi hapo hapo kwenye tawi, unaumiza gome.

Kufunga: kwa alumini unene wa waya uwe kama theluthi ya unene wa tawi, kwa shaba unaweza kupungua hapo maana shaba ina nguvu zaidi. Kata kipande kirefu kuliko tawi kwa nusu yake tena. Waya mmoja ufunge matawi mawili jirani, katikati upite kwenye shina angalau mzunguko mmoja mzima, hapo kila tawi linamshikilia mwenzake, usipofanya hivyo ukishusha moja la pili linanyanyuka. Mzunguko ukae kwa digrii 45 hivi, sio kubanana kama springi. Na kwa kuwa wewe unashusha, pale unapopindia waya upite juu, mgongoni mwa tawi, upande wa nje wa mpindo. Hapo ndo nyuzi za mti zinapovutika na ndo zinapokatika, waya ukiwa pale unazishikilia. Waya ukipita chini tawi linapasuka juu yake na utausikia mlio.

Kitalu_Bwiru

Aisee hii ni shule, nawashukuru sana wakuu. Leo nimetoa vijiwe.

Nina tawi moja la chini limenenepa, linakaribia unene wa kidole gumba, limekaa pembeni limenyooka kabisa halina tao wala nini. Nilijaribu kulisukuma kidogo kwa mkono halitikisiki. Hilo nalifanyaje? Na msimu je, kwenye video wanasema funga waya kipindi cha baridi majani yakidondoka, sisi huku majani hayadondoki.

MamaFikasi_Nyegezi

Habari zenu wanangu. Naona fikasi imetajwa juu huko niseme kidogo maana mimi ndo ninazozifuga, zile benjamina za majani madogo.

Mwanangu wa Bwiru, usihame. Botobrashi ni ya kwako, imeshachipua, inapenda maji na jua na hapa vyote vipo. Ila ukitaka kufanya na fikasi pembeni ili ujifunzie mkono, fanya, kwa sababu fikasi tawi lake changa linapindika kama unavyotaka halivunjiki ovyo, na linashika umbo haraka. Ubaya wake ni huo huo, linanenepa haraka. Kipindi cha mvua kwenye joto waya unaweza kuuma gome ndani ya wiki chache tu, unaondoka kwenda kusalimia kijijini ukirudi umezama. Lile kovu la kuzunguka kwenye fikasi linakaa miaka. Kwahiyo kwenye fikasi nakagua kila nikimwagilia, napitisha kidole, waya ukianza kuonekana umekaa ndani ya gome badala ya juu yake naukata vipande vipande kwa kikatio. Siuzungushi kuutoa, hata kama shaba inaniuma kuitupa, maana ukiuzungusha unavunja macho na majani.

Na fikasi benjamina ina tabia yake, tawi ukilikata ukaliacha bila jani hata moja la kijani mara nyingi linakauka lote mpaka kwenye shina. Botobrashi nayo kwenye mti wa zamani usio na majani usiitegemee sana. Acheni kijani mbele siku zote.

Kama mtu anataka mti ambao hautasumbua sana kushuka kuna duranta, ile ya uzio yenye maua ya zambarau na vitunda vya njano. Vijitawi vyake vinapenda kuinama vyenyewe na vitunda vikining'inia kwenye mti mdogo ni uzuri wa kipekee. Ila vile vitunda ni sumu, kwenye nyumba yenye watoto wadogo mimi siuweki chini.

Pasiansi_Kijani

Nimesoma yote kwa heshima ila nauliza kwa nia njema, kwanini msiuache mti ukue unavyotaka? Waya, moto, kukatwa mizizi, naona kama ni kuutesa.

MamaFikasi_Nyegezi

Swali halali kabisa. Mti ukiteseka unaonekana, unadondosha majani, hauchipui, unapata magamba ya wadudu. Mti wa kwenye chungu unaomwagiliwa kila siku, unaolishwa, unaoangaliwa jani kwa jani, unaishi na nguvu zake na unatoa maua. Huko Japani kuna bonsai zenye umri wa miaka mamia, zimepokezana vizazi na vizazi vya watunzaji. Waya unakaa kwa muda halafu unatoka. Kinachoua miti ya chungu hapa Mwanza ni udongo mbaya na kusahau maji Julai na Agosti, hicho ndo tukipigie kelele.

Jiwe_la_Igoma

Mama amesema vizuri, na hilo la udongo nitalirudia.

Mkuu, kuhusu tawi nene. Njia ipo: unaloweka kamba za katani, unalizungushia tawi zima kwa kubana, juu yake unafunga shaba nene, halafu unavuta kidogo kidogo kwa kamba iliyofungwa kwenye ukingo wa chungu, pale kamba inapogusa tawi unaweka kipande cha tyubu ya baiskeli isile gome. Kila baada ya wiki kadhaa unaongeza kidogo. Inafanyika. Lakini kwa botobrashi unene huo mi ningekushauri usijisumbue, mti wake ukishakomaa unavunjika zaidi ya kupinda, na hata ukifaulu utapata tawi nene lililonyooka limeelekezwa chini, tao halitakuwepo. Kata libaki sentimita 3 au 4 ukiacha kichipukizi chenye majani juu yake, chipukizi hilo lipande, ndo liwe tawi lako jipya lenye bega. Utachelewa msimu mmoja au zaidi lakini utapata kitu cha kweli. Tena kwenye mtindo huu tawi la kwanza linakaaga juu kuliko mitindo mingine, ili matawi yapate urefu wa kushuka bila kugusa udongo. Angalia kama hilo la chini kabisa unalihitaji hata kidogo.

Msimu: kalenda ya Japani iache Japani. Wale wana misimu minne tofauti kabisa na sisi, sisi tuko karibu na ikweta, digrii mbili na nusu tu kusini yake, mti haulali. Huku unaangalia mvua na unaangalia machipukizi. Kubadilisha udongo na kukata mizizi fanya vuli ikianza, Oktoba kuelekea Novemba, macho yakiwa yanavimba, au masika ikianza Machi. Waya unaweza kufunga muda wowote mti ukiwa na nguvu, isipokuwa usifunge ukiwa umetoka kukata mizizi, subiri uone umechipua kwanza. Siku moja kabla ya kufunga punguza maji kidogo, tawi likiwa halijajaa maji linapinda kirahisi. Ukimaliza kufunga weka kwenye kivuli chepesi siku kadhaa, pasipo upepo.

Na upepo huo wa mchana usiudharau. Mti wa kuning'inia unapokea upepo kwa majani yote na chungu kinakuwa chepesi juu ya meza, kifunge kwenye meza kwa waya kupitia matundu ya chini.

Udongo. Ule mweusi wa mbuga usiutie kwenye chungu kamwe, ukilowa unashika maji mizizi inakosa hewa, ukikauka unapasuka na kukata mizizi. Hapa tuna luseni, ule mchanga mchanga wa kwenye miinuko unaotokana na haya mawe yetu, chekecha utoe vumbi lote ubaki na chembe za milimita 2 mpaka 5. Changanya na tofali la kuchoma lililopondwa na kuchekechwa hivyo hivyo, na samadi iliyooza vizuri kidogo. Botobrashi inapenda maji, kwahiyo tofali liwe jingi zaidi maana linashika unyevu. Mchanganyiko huu utakulazimu kumwagilia kila siku, kiangazi mara mbili.

Kitalu_Bwiru

Shikamoo mama, na shukrani wakuu wote. Tawi la chini nitalikata, nimekaa nalo jioni hii nimeliangalia kwa mbali na kweli halina kazi pale. Fundi nitapita madukani nichukue 1.5 na ile 4 ya kufungua nyuzi.

Mbili za mwisho. Zile ncha ambazo zimeshadoda kwa sababu ya vijiwe, zitaamka au ndo basi? Na maua, nikiacha ncha bila kukata yatakuja?

Fundi_Soketi

Chukua mita chache tu kwanza, na omba kipande kilichobaki mwisho wa roli ya waya kama wanauza kwa kupima. Jizoeshe kuzungusha kwenye kijiti chochote cha mpera kabla hujagusa mti.

Jiwe_la_Igoma

Zitaamka kama bado zina kijani. Ncha iliyododa iachie, iinue kabisa iangalie juu, uiegemeze hata kwa kijiti, na wakati huo huo bana vichipukizi vya mgongoni vinavyoinyonya. Ikianza kukimbia tena na kutoa majani mapya makubwa ndo unaishusha kwa waya. Hii fanya hata mbeleni kila ukiona tawi moja linadhoofika kuliko wenzake, unalipandisha linapumzika, unalishusha. Mbolea usiweke kwenye mti uliotoka kukatwa mizizi, subiri uchipue.

Maua ndiyo, botobrashi inatoa ua karibu na ncha ya tawi na baada ya ua ile ncha inaendelea kuota mbele, kwahiyo ukiacha ncha unapata maua na unapata urefu. Ua likishakauka ondoa lile brashi kavu kwa mkasi ukiwa mwangalifu usiondoe chipukizi la mbele yake, la sivyo vile vitunda vigumu vinang'ang'ania kwenye tawi miaka. Ukishafunga waya tuwekee picha, mbele na pembeni, tuone tao la tawi la kwanza limekaaje kabla hujaenda kwenye mengine.